Mume Wangu Alizingirwa Mbele ya Ukuta wa Rangi Mbili

Mume wangu alitokea kwenye kompyuta yangu, uso umejaa majivu, analia!

"Tumezingirwa kwenye kiwanda cha matofali... Tuna majeruhi! Leteni ambulensi!"

Chumba kizima kikanigeukia.

Niwaeleze kazi yetu. Vita ilipofika mpakani, sisi raia tuliojitolea tulipewa chumba na kompyuta. Watu wanatuma video za kuomba msaada, sisi tunahakiki. Tukithibitisha, gari linaondoka.

Mume wangu naye alijitolea kwenda mpakani. Alipanda lori moja na mume wa mdogo wangu. Mimi na mdogo wangu tuliwasindikiza tukilia.

Sasa ambulensi imebaki moja, maombi ni mawili. La pili lilikuja kwa simu tu, kutoka daraja la reli. Kuna majeruhi anavuja damu. Hakuna picha.

Video ya mume wangu ilishasambaa kila kona. Watu wanatutukana: "Mnasubiri afe?"

"Dada, thibitisha basi!" alisema Miwani, mwenzangu wa meza ya pili. "Si mumeo huyo?"

Kidole kilikuwa kwenye kitufe. Nikautazama ukuta nyuma yake.

Bluu mpaka katikati... halafu kijani.

Ukuta ule niliupaka mimi, uani kwa mdogo wangu. Rangi ya bluu ilituishia, tukamalizia na kijani.

Nikampigia mume wangu.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Kiwandani, mke wangu... Risasi zinanyesha! Nikinyamaza, ujue ndiyo basi. Nilelee wanangu..."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mdogo wangu, wa tumbo moja na mimi:

"Shemeji, njoo bwana, chai inapoa!"

Nikakata simu. Nikaandika: UONGO.

"Una uhakika?" Miwani alishtuka. "Watu watakula nyama yako!"

"Waanze kula. Ambulensi iende darajani."

Matusi yakamiminika. Muuaji! Mke gani huyu!

Baadaye Miwani alipokea simu ya hospitali, akaja kusimama mbele yangu.

"Majeruhi wa darajani yuko hai. Mguu umevunjika. Dada... ni mume wa mdogo wako."

Nikainuka kitini.

"Na alikataa kupanda ambulensi. Aliiona ile video kwenye simu ya dereva. Alisema, 'Mpelekeeni mwanyumba wangu kwanza, yuko pabaya zaidi.' Walimbeba kwa nguvu."

Hapo ndipo nililia.

Jamani, picha ikikutoa machozi, yafute kwanza, kisha itazame tena. Mwongo huwa anapanga kinachoonekana mbele. Wewe angalia nyuma yake.

Nikampigia mdogo wangu.

"Mumeo amepatikana. Yuko hospitali, anakuulizia. Tunakuja kukuchukua, mimi na wenzake wote wa lori."

Nikasikia kikombe kikianguka.

"Dada, nisikilize kwanza..."

"Na mwambie shemeji yako asitoke hapo uani. Sasa ndiyo amezingirwa."