Joto Ndani ya Raba

Raba ilikuwa na joto ndani.

Fundi friji alikuwa ameingiza vidole ili atoe karatasi iliyojazwa kwenye ncha, kama alivyofanya kila Jumamosi mchana, na vidole vikarudi haraka. Si kwamba iliunguza. Lilikuwa joto la kawaida tu, lenye unyevunyevu kidogo, joto la kiatu kilichovuliwa sasa hivi. Ila raba ile, nyeupe yenye mstari wa buluu, ilikuwa imekaa kwenye boksi lake tangu ilipotoka dukani. Hakuna mguu uliowahi kuingia humo, hata wake mwenyewe.

Joto lile alilijua vizuri. Alipokuwa shule ya msingi, yeye na kaka yake walikuwa na jozi moja ya viatu kwa watu wawili. Kaka alisoma zamu ya asubuhi, yeye zamu ya mchana. Walikutana katikati ya njia, kando ya ukuta wa kiwanda, kaka anavua, yeye anavaa, na kila siku ya utoto wake aliingiza mguu kwenye jasho la mtu mwingine. Alipopata mshahara wake wa kwanza alinunua raba mpya, akazinusa, akazirudisha kwenye boksi. Akaona kuzivaa kutamaliza utamu. Tangu siku hiyo hakushikika.

Sasa zilikuwa jozi arobaini na moja. Chumba cha nyuma, ambacho kilipaswa kuwa cha mtoto, kilijaa rafu ukuta hadi ukuta. Kulikuwa na pazia zito ili jua lisizigeuze nyeupe kuwa njano, vipakiti vya kunyonya unyevu ndani ya kila boksi, na ufunguo mmoja tu, aliouvaa shingoni. Kazini alikwenda na jozi moja chakavu ambayo kidole gumba kilikuwa kinachungulia nje kuona dunia inaendaje.

"Baba Kidoti," mkewe alipenda kumwambia, "siku nikifa nizike kwenye boksi la raba. Angalau nitapanguswa vumbi kila Jumamosi."

Kidoti alikuwa binti yao wa pekee, mwenye alama nyeusi shavuni, wa mwaka mmoja na miezi minne. Baba yake akijifungia na raba zake, mtoto alitambaa mpaka mlangoni na kupiga chini ya mlango kwa kiganja. Pa, pa, pa. Mara tatu, kisha anasubiri. Baba alijibu kwa kupiga mara tatu upande wa ndani, na kicheko cha mtoto kilisikika nyumba nzima. Hakuna kitu alichokipenda zaidi duniani, na hapo raba zinahesabiwa.

Lakini Kidoti hakuwa anatembea. Alipofikisha miezi kumi alisimama kwa kushika kiti na kupiga hatua mbili, mama yake akapiga kelele za furaha mpaka jirani akaja mbio. Wiki hiyohiyo ndipo baba alipoleta nyumbani boksi dogo: raba nyeupe yenye mstari wa buluu, pacha wa ile yake, ila inayoenea kiganjani. Mama alitaka kumvisha papo hapo.

"Atazikwaruza," fundi alisema. "Ngoja kwanza atembee vizuri."

"Atatembeaje vizuri bila kuvaa kitu?"

"Mimi nilijifunza peku. Sikufa."

Boksi dogo likawekwa karibu na boksi kubwa, rafu ya chini. Kidoti hakusimama tena. Kliniki walimpima, wakasema mifupa ni mizima, mishipa ni mizima, wasubiri tu. Wakasubiri miezi sita. Nyayo zake zilikuwa baridi hata jua likiwa kali, na siku za karibuni hata kutambaa kulimchosha. Mama yake alikuwa ameanza kulia jikoni, bomba la maji likiwa wazi ili asisikike.

Jumamosi ile ya joto ndani ya raba, fundi alijiambia ni bati la paa. Akagusa raba za pembeni. Baridi. Akafunga boksi, akatoka.

Jumamosi iliyofuata alikuta mikunjo. Ngozi ya raba, pale juu ya vidole, ilikuwa imejikunja kama inavyojikunja kwa mtu anayetembea. Akageuza soli, akakuta imelika. Akafungua boksi la pili, la tatu, la kumi. Zote. Nyingine zilikuwa na udongo mweusi katikati ya mistari ya soli, udongo wa chini sana, wa kisima, usiopatikana mtaani kwao. Hasira ilitangulia hofu.

"Nani amevaa raba zangu?" alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini, maana Kidoti alikuwa amelala.

"Ufunguo uko shingoni kwako."

"Mama Kidoti, sitanii."

"Na mimi natania? Mtoto wangu hatembei, wewe unaniuliza habari za viatu!"

Kabla hajajibu, mvua ya mchana ikaanza, na ndani ya mvua ile wakasikia sauti. Ilitoka chumba cha nyuma. Ki, ki, ki, mpira mpya ukilia kwenye sakafu. Hatua nzito, za mtu mzima. Wakatazamana.

"Umemfungia mtu humo?" mke alinong'ona.

"Hakuna mtu."

Hatua nyingine zikajiunga, nyepesi kidogo, kisha nyingine, na harufu ikapenya chini ya mlango, harufu ya soksi mbichi na udongo uliofukuliwa, na hatua zikaongezeka mpaka ikawa kama familia nzima inazunguka humo ndani, kwa mpangilio, bila haraka, watu waliozoea nyumba yao, na nyuma ya wote zikaja hatua ndogo, za mbiombio, za mtoto anayefurahia miguu yake, na hapo Kidoti, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, akafumbua macho bila kulia, na kila hatua ndogo iliposikika kule ndani vidole vya miguu yake vilijikunja huku, hatua na kidole, hatua na kidole, mpaka midomo yake ikaanza kupauka na mama yake akamnyakua na kukimbia naye nje mvuani.

Hatua zikakoma. Fundi alibaki amesimama sebuleni, ameshika ufunguo shingoni.

Kulikuwa na mzee mmoja, fundi viatu, aliyekaa kwenye baraza ya duka la rangi. Watu walimpelekea viatu, na wengine walimpelekea mambo yasiyoshoneka kwa uzi. Alikuwa mkali na hakupenda maneno mengi. Fundi friji alimwekea mbele raba kubwa na raba ndogo. Mzee aliivaa miwani yake, akageuza soli, akazitazama kwa muda mrefu mno.

"Nani anavaa hizi?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni za kutunza."

"Za kutunza!" Mzee akatema kipande cha uzi. "Tazama hapa. Mbele imelika, kisigino hakijagusa chini hata mara moja. Binadamu hutua na kisigino. Huyu anakwenda kwa ncha za vidole, siku zote. Unazo ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Ukijenga nyumba ukaifagia, ukaifunga, usiweke mtu, unafikiri ataingia nani?" Sauti yake ilishuka. "Wewe umejenga arobaini na moja. Wamehamia, kijana wangu. Wamehamia na mke na watoto. Nyumbani kwako kuna mtoto?"

Fundi aliitikia kwa kichwa. 

"Hatembei?"

"Hatembei, mzee."

"Hatembei kwa sababu hatua zake anatembea mwingine. Huyu mdogo wao ndiye wa kuogopwa, amenogewa. Hatatosheka na hatua." Akamrudishia viatu. "Sikiliza. Kila jozi ivaliwe na binadamu, hatua saba, nje. Soli kwenye udongo. Gawa, vaa, utajua mwenyewe, lakini isibaki hata moja boksini. Ndogo avae mtoto wako mwenyewe, iwe ya mwisho. Soli kwenye udongo, umenielewa? Pasiwe na kitu katikati."

"Nimeelewa."

"Narudia kwa sababu nawajua watu wa kutunza."

Fundi aligawa. Aliita wenzake wa karakana, majirani, kaka yake, wote wenye miguu inayolingana, na kila mmoja alivaa uani na kupiga hatua saba kwenye matope, akicheka, akidhani jamaa ameokoka au amechanganyikiwa. Kila jozi ilipoguswa na udongo, kitu kilipumua chumba cha nyuma na harufu ikapungua. Yeye mwenyewe alivaa ile nyeupe yenye mstari wa buluu. Ilimbana kidogo, kisha ikamkubali. Alikanyaga dimbwi kwa makusudi, maji meusi yakaruka mpaka gotini, na kaka yake akamwambia, "Leo ndiyo umevaa kiatu." Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Miaka yote ile alikuwa hajui kwamba raba ni tamu hivyo mguuni.

Ikabaki ndogo.

Aliingia chumbani kuichukua. Rafu nyingine zote zilikuwa tupu. Soli ya raba ile ndogo ilikuwa imelika kidogo mbele, lakini sehemu nyingine yote bado ilikuwa nyeupe kama maziwa, na nje uani kulikuwa na matope ya miguu ya watu arobaini.  Utotoni yeye hakuwahi kuwa na kiatu ambacho hakikutoka mguuni kwa mwingine. Alitaka binti yake awe nacho kimoja, akikute siku moja akiwa mkubwa, kimetunzwa, kiseme baba yako alikupenda. Droo ilikuwa na ile karatasi ya nailoni, nyembamba, inayonata, isiyoonekana, ambayo watunzaji hubandika chini ya soli ili isichubuke. Mkono wake ulifanya kazi kabla hajaamua. Alibandika, akakata kingo kwa wembe, akapitisha kidole. Hata mwenyewe hakuona tofauti.

Akamvisha Kidoti, akambeba mpaka uani, akamsimamisha kwenye udongo.

Mtoto aliyumba. Akatazama chini, akatazama baba yake. Kisha akatembea. Moja, mbili, tatu, mpaka saba, bila kushikwa, bila kuanguka, na mama yake akapiga magoti palepale kwenye matope, akilia na kucheka na kumshukuru Mungu kwa sauti. Fundi alimwinua mkewe, wakakumbatiana. Nyumba ikawa kimya siku ile, na harufu ikaisha.

Kidoti alitembea wiki nzima. Alizunguka vyumba vyote kwa utaratibu, anagusa kuta, anachungulia makabati. Alikataa kuvuliwa raba. Mama yake akijaribu, alimkazia macho tu, bila kulia, mpaka mama akaacha.

"Amekua ghafla," mama alisema, lakini hakutabasamu. "Baba Kidoti, umeona? Haniombi kumbeba tena."

Siku ya nane fundi alirudi mapema, umeme ulikuwa umekatika karakana. Mkewe alikuwa ametoka kwenda dukani na mtoto, nyumba ilikuwa tupu. Alipokuwa anavua raba zake mlangoni, akasikia kitu upande wa nyuma.

Pa, pa, pa.

Akatabasamu bila kufikiri. Wamerudi, akajisemea, Kidoti yuko mlangoni kwangu. Akaenda mpaka kwenye korido. Mlango wa chumba cha raba ulikuwa wazi, kama ulivyoachwa tangu siku ile, na hapakuwa na mtoto.

Pa, pa, pa. Ilitoka ndani, chini, kwenye rafu.

Lango la nje likalia. Akageuka. Mkewe alikuwa anaingia na mfuko wa mboga, na mbele yake Kidoti alitembea mwenyewe kuja korido, polepole, macho kwa baba. Fundi alitazama miguu. Raba nyeupe zilikuja kwa ncha za vidole. Visigino vilielea hewani, hatua baada ya hatua, na havikushuka chini hata mara moja.

"Mama Kidoti," alisema. "Mshike."

"Nimshike ana nini?"

Mtoto alisimama mlangoni. Alikuwa bado hajajua neno lolote zaidi ya baba na maji. Alisema kwa utulivu, maneno yamenyooka:

"Baba, usifungue."

Mfuko wa mboga ukaanguka.

Fundi aliingia chumbani, akapiga magoti mbele ya rafu. Kwenye rafu ya chini lilibaki boksi moja tu, lile dogo, ambalo hakuwa amelitupa kwa sababu kiatu bila boksi lake hakina thamani. Mfuniko ulikuwa unatikisika. Akaunyanyua.

Boksi lilikuwa tupu. Kulikuwa na karatasi nyembamba iliyokunjwa na kipakiti cha unyevu, basi. Alitumbukiza mkono, akatandaza kiganja chini, na akalisikia joto lile, joto la mtu aliyetoka sasa hivi. Alilia kwa nguvu akimwita binti yake kwa jina la nyumbani, huku nyuma yake visigino visivyogusa chini vikizidi kumkaribia.

Kitu kidogo, laini, kikampiga kiganjani. Mara tatu. Kisha kikasubiri.