Kadi ya Dada Mkubwa

Jumatatu, saa tatu na dakika tano asubuhi, ofisi ya wapima ardhi ilipokea malalamiko ya mteja wake mkubwa: marehemu alikuwa amemletea kadi yake. Barua pepe ya ofisi ilimfikia na kiambatisho ambacho hakukiomba, kadi ya mawasiliano yenye picha, cheo na namba ya simu ya Dada Mkubwa, mhazili mkuu aliyezikwa miezi saba nyuma. Mteja mwenyewe alikuwa ametupa udongo kaburini. Kufikia mchana ilijulikana kwamba kwa wiki tatu, kila barua ya mhazili mpya ilitoka imebeba kadi ile kama ng'ombe na kupe wake.

Jumanne akaitwa fundi wa kompyuta, mwanamke wa makamo aliyezunguka ofisi za watu na mkoba wake, peke yake. Simu yake haikuita ila mashine ya mtu ikigoma. Walimwita Fundi tu, na mashine ikipona walimsahau.

"Ni huyu binti," alisema Mkurugenzi, akimwonyesha mhazili mpya aliyesimama mlangoni macho mekundu. "Bado yuko kwenye majaribio. Alhamisi saa kumi nampa barua ya kumwachisha kazi, labda unionyeshe mwingine."

"Mzee, mimi hata sikumjua marehemu," binti akasema.

"Namba iliyo kwenye kadi mmeshaipiga?" Fundi akauliza.

Mkurugenzi akamtazama kama aliyetukanwa. "Unampigiaje simu maiti?"

Fundi akaona haya, akaliacha. Hata yeye simuni mwake alikuwa na namba ya marehemu mama yake, mwaka wa nne sasa, hajaifuta wala hajaipiga.

Akakaa kwenye mashine ya binti. Haikumchukua muda kuona kwamba kadi ilikuwa imefungwa kwenye saini, yale maneno yanayojiweka yenyewe chini ya kila barua. Akaiondoa, akajitumia barua ya majaribio, ikafika safi. Jumatano asubuhi kadi ilikuwa imerudi. Saini ilikuwa imehifadhiwa upya saa moja na dakika ishirini.

"Kirusi hakina saa ya kuripoti kazini," Fundi alijisemea, akaomba daftari la mahudhurio. Binti alisaini saa mbili kasoro tano.

"Anaweza kuingia mapema akasaini baadaye," alisema Mkurugenzi.

Angeweza, kweli. Lakini kulikuwa na watatu wengine wenye funguo: mpokezi, dereva, na karani wa mafaili ambaye wote walimwita Bi Masjala.

Mpokezi hakungoja kubembelezwa. "Nafasi ile niliililia, sikatai. Lakini kuililia siyo kumchimbia mwenzangu. Halafu leo nilikuwa kliniki na mtoto, nimeingia saa nne. Tazama daftari." Daftari lilimuunga mkono.

Dereva alicheka. "Mimi kompyuta naijua kuifuta vumbi tu, Fundi. Na saa sita naondoka na wapimaji, tunarudi Ijumaa."

Masjala ilikuwa mwisho wa korido, chumba kirefu cha mafaili na ramani zilizoviringishwa. Bi Masjala, mama mtu mzima mwenye miwani, alikuwa akisoma habari kwenye simu yake ya kioo. Mezani palikuwa na vikombe viwili, kimoja kimefunikwa kifudifudi. Simu ya mezani ilitandikwa kitambaa, na kando yake simu ndogo ya vitufe ilikuwa kwenye chaja.

"Shikamoo, Bi. Nenosiri la mashine ya mhazili lilishabadilishwa tangu msiba?"

"Marahaba, mwanangu. Nitajuaje? Huku habari hazifiki."

Fundi akaiondoa kadi mara ya pili, nenosiri akaliacha makusudi kama mtego. Alhamisi kadi ilikuwa imerudi tena, saa moja na dakika ishirini, na dereva yuko safari. Fundi alishinda akiitazama simu yake mkononi. Saa tisa na nusu alimwita Mkurugenzi na binti koridoni, akaipiga namba ya Dada Mkubwa.

Ikaita. Iliita nyuma ya mlango wa masjala.

"Halo?" Sauti ilimwingia Fundi kwa masikio yote mawili, moja simuni, moja mlangoni.

"Naomba kuongea na Dada Mkubwa."

"Katoka kidogo," sauti ikajibu kwa uchangamfu. "Nimpe ujumbe gani?"

Mkurugenzi akausukuma mlango. Bi Masjala alikuwa amesimama na simu ya vitufe sikioni, na tabasamu halijamtoka.

"Miaka kumi na tisa tumekula mchana hapa," alisema, akiishusha simu. "Kikombe chake kile. Alipokufa mlikuja kuchukua funguo zake, simu hamkuiulizia. Siku moja ikaita. Mteja wa mbali, hana habari ya msiba, anamtaka yeye. Ulimi ukagoma kusema amekufa. Nikasema katoka kidogo. Siku ile, Mzee, ndiyo nilikula nikashiba. Nikataka wamuulizie tena, ndiyo nikaiweka kadi yake. Nenosiri ninalo, alikuwa akilisahau ananiuliza mimi."

"Na huyu binti afukuzwe kwa ajili hiyo?"

Bi Masjala akamgeukia binti. "Afukuzwe? Nani kasema?"

"Ofisi nzima inajua tangu Jumatatu!"

"Mimi aliniambia nani?"

Mkurugenzi akanyoosha mkono apewe simu. Bi Masjala akaitoa ile simu kwa mikono miwili, kisha akamwomba binti radhi huku analia. "Yameisha, Bi," binti akasema, naye analia. Barua ya kumwachisha kazi ikachanwa, Bi Masjala akapewa onyo. Fundi akabadilisha nenosiri, akaiondoa kadi kwa mara ya mwisho, akajaribu: safi. Akabeba mkoba wake. Hakuna aliyemsindikiza.

Jumatatu iliyofuata, saa saba mchana, Fundi alikuwa kwenye ngazi za ofisi nyingine na mkate wake. Alikuwa amenakili namba ya ile simu ya mezani ya masjala. Akaipiga. Iliita sana, mpaka mtu alipokumbuka kuondoa kitambaa.

"Masjala."

"Naomba kuongea na Bi Masjala."

"Unamtaka nani?"

"Bi Masjala mwenyewe. Au katoka kidogo?"

Fundi alisikia kiti kikivutwa, na mtu akikaa.

"Hapana," sauti ikasema. "Yupo. Yupo hapa."