Maji Yamefika Mkunya

Ulikuwa msimu wa korosho, stendi ya Masasi imefurika watu na magunia, na katikati ya njia boza la maji lilikuwa limezimika huku likifuka mvuke kwenye boneti. Mabasi yalipiga honi, bodaboda walitukana, na dereva wake, kijana mrefu mwenye fulana ya kijani iliyopauka, aliipepea rejeta kwa kofia kana kwamba ni mgonjwa.

"Dereva wa maji, huna maji?" Julia alimuuliza. Alishindwa kujizuia. Alikuwa amevaa gauni la njano na mkononi ameshika dumu dogo la maji ya kunywa.

"Tangi tupu, dada, ndiyo kwanza naenda kujaza. Nisaidie hilo dumu, nitakulipa boza zima."

"Boza zima nikaliweke wapi?"

"Niambie unakokaa, pa kuliweka nitapajua mwenyewe."

Akampa dumu, akampa na namba ya simu. Mapenzi huwa hayachagui pa kuanzia. Haya yalianzia kwenye rejeta.

Dereva aliitwa Silvano, Mwanglikana wa Masasi tangu enzi za babu wa babu yake. Julia alikuwa mwalimu wa Kiingereza huko Mkunya, binti wa Mzee Nikolao, shemasi wa kanisa la Baptisti. Na kuwa Mbaptisti huko Mkunya, juu ya mlima pasipo na maji, kunataka moyo, maana ni dini ya kuzamishwa majini katika nchi ambayo mtu mzima anaoga kwa kopo. Bwawa la saruji nyuma ya kanisa lilikaa kavu karibu mwaka mzima, kuku wakitagia humo.

Silvano alipokuja kuposa, Mzee Nikolao alimpenda kijana, ila alikuwa na neno lake. "Wageni wetu wa kanisa rafiki wanakuja kutoka ng'ambo, na Jumapili yao kutakuwa na ubatizo. Silvano azamishwe pamoja na wenzake, nami nitapokea posa. Asipoingia majini, Lameck wa Nanganga naye ameposa, anangoja jibu langu."

"Maji nitaleta mimi mwenyewe, baba," Silvano aliitikia haraka, "na mimi nitaingia." Julia alicheka usiku kucha kwa furaha.

Wiki ile ile ya wageni, Silvano akaacha kupokea simu.

Wageni walifika Jumamosi, nyuso zimeiva kwa jua, wakapokewa kwa vigelegele na kuvishwa vitenge vya sare. Mchungaji wao, Harold, mzee mnene mpole, alivishwa kitenge kama khanga ya bibi harusi na akacheza nacho. Julia alitafsiri hotuba zote akitabasamu, simu imelowa jasho kiganjani. Jioni ndipo Silvano alipopokea.

"Mpenzi, umenifanya nini? Nimepiga mpaka nimechoka."

"Mama analia, Julia."

"Analilia nini?"

"Anasema kila Jumapili kanisani kwetu tunaungama ubatizo mmoja. Anasema alinibeba mpaka kwenye birika la ubatizo akiwa ndiyo kwanza ametoka kujifungua, hata kutembea hajaweza sawasawa. Nikizamishwa tena, eti ni kumwambia alinibeba bure."

"Na wewe unasemaje?"

"Mama analia," alirudia.

"Silvano, nakuuliza wewe, si mama."

"Maji yatakuja kesho," alisema, akakata simu.

Julia alijitupa kitandani, akaliuma shuka ili mama yake asimsikie. Aliona wazi kwamba amemkosa. Na lililomchoma zaidi ni hili: siku zote hizo hakuwahi kumuuliza Silvano kama anaamini. Alikuwa amemwomba alowe tu.

Jumapili ibada ilianza bwawa likiwa kavu. Wageni walikaa mbele na miavuli yao, kwaya ikaurudia wimbo ule ule mpaka sauti ya tatu ikakauka, na Mzee Nikolao akawa haangalii madhabahu, anaangalia barabara. Julia alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha mngurumo ukasikika, vumbi likainuka, na akina mama wakapiga kigelegele. Boza lilikuwa limepanda mlima.

Silvano alishuka bila kumwangalia mtu, akavuta mpira, akajaza bwawa. Akapotea nyuma ya kanisa. Aliporudi alikuwa amevaa joho jeupe, akasimama wa mwisho kwenye mstari wa wabatizwa. Julia alijikuta anapiga makofi. Amekuja! Mungu mkubwa, amekuja!

Mchungaji Harold aliingia majini. Julia alisimama ukingoni kutafsiri, na wabatizwa wakapita mmoja mmoja, kwaya ikiimba kwa nguvu kila mara. Mwisho akaingia Silvano. Mzee Nikolao, ng'ambo ya bwawa, alimshikia taulo kwa mikono miwili, anatabasamu kama aliyekwisha pata mkwe.

Harold aliuliza, na Julia akamgeuzia swali Silvano kama alivyowageuzia wote. "Silvano, unaingia majini kwa kuwa wewe mwenyewe umeamini, wala si kwa ajili ya mwanadamu yeyote?"

Silvano, maji yamemfika kiunoni, alimwinulia macho mekundu. Akasema kwa sauti ndogo iliyofunikwa na kwaya, "Naingia kwa ajili yako. Mimi nilikwisha batizwa, Julia, na naamini ubatizo ule ulitosha. Lakini nikikukosa nitaishije? Basi wewe mwambie unavyotaka. Nitazama."

Harold akamgeukia Julia, akingoja.

Neno moja la Kiingereza lingetosha. Hakuna hapo ambaye angejua. Taulo lilikuwa tayari, posa tayari, maisha yake yote yamesimama mbele yake yameloa mpaka kiunoni. Alifungua kinywa kusema "anaamini", akakumbuka siku yake mwenyewe ndani ya bwawa hilo hilo, alivyojibu akitetemeka na kumaanisha kila neno. Akamtafsiria Harold yote, neno kwa neno, machozi yakimtiririka.

Harold alifumba macho. Akamwekea Silvano mkono begani, akasema jambo polepole.

"Anasema anakushukuru kwa kusema kweli," Julia alitafsiri. "Anasema hawezi kukubatiza."

Silvano akatoka majini, kifua kikavu. Mzee Nikolao akashusha taulo, akampa mgongo.

Julia alimkuta Silvano kwenye boza, ameshabadili nguo, kichwa amekilaza kwenye usukani.

"Neno moja tu, Mwalimu. Neno moja lilikushinda?"

"Ningelisema ningekuwa nawe kila siku nikijua nimekupata kwa kumdanganya Mungu. Na mama yako ningemwangaliaje?"

"Kwa hiyo hunipendi."

"Nakupenda mpaka nimekukosa, Silvano! Hulioni?"

Akashuka, akamshika mikono, na wote wawili wakalia bila kuona haya. "Utaolewa na Lameck?"

"Simtaki Lameck. Lakini baba hatakupokea tena, na mimi siwezi kukuomba uingie mle mara ya pili. Nenda tu, mpenzi wangu. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Silvano aliwasha gari. Likakohoa likazima, mlima ulikuwa umekausha rejeta.

Bwawani akina mama walikuwa wamekwisha panga ndoo zao, maana Mkunya hakuna anayemwaga maji, hata ya ubatizo. Julia alichota ndoo moja, akaileta. Silvano akafungua boneti, akamimina taratibu mpaka rejeta ikajaa.

"Haya," Julia alisema, akifuta pua kwa kiganja, "walau boza linaondoka limebatizwa."

Silvano alicheka, akafunga boneti. Akapanda, akaondoka, vumbi likafunika barabara ya kuteremkia Masasi.

Julia alirudi na ndoo tupu. Wageni walikuwa mezani wakimngoja atafsiri sala ya chakula. Mchungaji Harold akamsogezea kiti, akamuuliza kwa upole yule kijana ni nani wake. Julia akafungua kinywa kumjibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kiingereza chote kikamwishia.