Aliyekaa Kwenye Vali

Chumba cha kupimia moyo hakikuwahi kunuka kitu ila spiriti, lakini mchana ule, mara tu mke wake alipofungua vifungo vya blauzi, mpimaji alinusa mawaridi yaliyoanza kuoza. Alifunga mlango, akazima taa ili picha ionekane vizuri, akampaka jeli kifuani.

"Baridi kama tumbo la chura," mke akalalamika.

"Wagonjwa wengine huvumilia."

"Wagonjwa wengine hawajawahi kunywa chai yako. Mimi nimeshavumilia vya kutosha."

Alikuwa amemleta saa ya mapumziko, kwa sababu mara mbili wiki ile jicho la kushoto la mkewe lilizimika kwa dakika kadhaa, kisha likarudi. Sasa aliona sababu kwenye skrini. Kwenye vali inayopitisha damu kwenda mwilini paliota kivimbe kisichozidi punje ya hindi, chenye nyuzi laini zilizopepea kila moyo ulipodunda. Si saratani. Vivimbe vya aina hii ni nadra na havisambai. Ila vipande vyake, au damu inayogandia juu yake, huweza kukatika na kupanda kichwani. Mpasuaji hukinyoa, vali ikabaki.

Akabonyeza kitufe cha kusikiliza mwendo wa damu. Kwanza ulikuja mvumo wa kawaida, kama upepo chini ya mlango, halafu nyuzi zile zikaacha kufuata mapigo, zikageuka zote kwa pamoja kuelekea mkono wake, harufu ikamjaa kooni, na kutoka kwenye spika, chini ya mdundo wa moyo ambao alikuwa ameulalia kwa miaka tisa, sauti ya mwanamume, ya upole, isiyo na haraka, ikaita, "Kijiti."

Mke hakushtuka. Hilo ndilo lililomtia mumewe baridi.

"Umemsikia," alinong'ona.

"Ni nani?"

"Alinijia nikiwa msichana. Nilidhani nikiolewa ataondoka."

"Na jina hilo? Nakuita hivyo tukiwa wawili tu."

"Hatujawahi kuwa wawili, mume wangu."

Alimfuta jeli kwa karatasi, taratibu, maana mikono ilihitaji kazi.

"Ndiye aliyekuzima jicho?"

"Alikasirika. Uliporudi kutoka safari nilikufurahia kupita kiasi."

"Akikasirika tena atakuua."

Mke alifunga vifungo kimoja kimoja. "Nitasaini wanipasue," akasema. "Ila usiniombe nifurahi."

Mpasuaji, mama mwenye mabega mapana aliyefanya naye kazi miaka mingi, alimkuta mume ukumbini saa nne baada ya upasuaji kuanza. "Shemeji, mgeni tumemtoa na shina lake. Vali ni nzima, hata kiraka haikuhitaji. Njoo maabara umwone."

Kile kilichotoka kimejikunja kama kipande cha uzi ulioloa, kilikuwa kimechanua ndani ya chupa ya maji. Vivimbe hivi huchanua vikitiwa majini; hilo alilijua. Lakini hakuna aliyekuwa ameitikisa chupa, na nyuzi zilidunda polepole, kwa mwendo wa moyo wa mtu aliyelala, na alipoinama karibu zikageuka kumtazama kama zilivyomtazama kwenye mashine, zikadunda mara tatu zaidi, zikalegea. Alisimama pale mpaka alipokuwa na hakika kwamba hazidundi tena.

Siku ya nane, kabla ya mkewe kupewa ruhusa ya kwenda nyumbani, alimpima tena. Vali ilikuwa safi. Chumba kilinuka spiriti tu.

"Umepona," akamwambia.

"Nisikilizishe."

Akabonyeza kitufe.

"Ongeza sauti."

"Inatosha hiyo."

"Ongeza, tafadhali. Labda yuko mbali."

Aliongeza hadi mwisho. Vali ilifunguka, ikajifunga, ikafunguka, bila kasoro, na mke wake akageuza uso kuelekea ukutani, akalia kilio cha mjane, huku mkono wa mumewe ungali juu ya kifua chake.