Kiti cha Lori la Baba

Baba alikuwa dereva wa lori kuukuu la mchanga. Kila jioni alishuka ameshika kiuno. Binti yake mkubwa ndiye aliyemvua viatu, maana kuinama kulimshinda.

Basi Baba Mdogo akaleta kiti cha lori jipya lililogongwa. Kilikuwa cha umeme. Ukibonyeza, kinasogea.

"Kaka, utakaa kama waziri!"

"Waziri wa mchanga," Baba akajibu. Wakacheka.

Baba Mdogo akaunga kiti kwenye waya wa taa ya ndani. Fyuzi ikakatika. Akaweka nyingine, nayo ikakatika.

"Fyuzi za siku hizi uchafu mtupu," akasema. Akachomeka kipande cha waya mahali pa fyuzi. Kiti kikapanda. Wote wakapiga makofi, na binti pia.

Wiki haikuisha. Baba akiwa njiani, moshi ukafuka chini ya kiti. Akasimamisha lori, akazing'oa nyaya kwa mkono wa kulia. Zilikuwa zinayeyuka. Baba alipona, ila vidole havikukunjika tena. Usukani ukamshinda.

Binti akamwita jirani yao, mama fundi umeme wa magari. Mtaa mzima ulimwita Shangazi Betri. Huyo kwa utani humuwezi. Lakini alipokiona kile kipande cha waya, aliacha utani, akakichomoa.

"Fyuzi iliwaambia kuna hatari, mkaiziba mdomo," akasema taratibu. "Waya wa taa ni mwembamba. Mota ya kiti inakula umeme mwingi. Waya ukazidiwa, ukaungua."

"Sasa tufanyeje, Shangazi?" binti akauliza.

"Kwanza tunafungua nyaya za betri. Halafu kiti kinapata waya wake, mnene, na fyuzi yake karibu na betri. Tunaupitisha mbali na reli ya kiti, usikwanguliwe. Na hizi nyaya za manjano ni za puto la ajali, lile linalofumuka gari likigonga. Usiziunge, usizipime. Linaweza kulipuka."

"Na fyuzi ikikatika tena?"

"Tafuta kosa, mwanangu. Usibishane nayo."

Baba Mdogo alishika tochi. Macho yakamwendea kwenye vidole vya kaka yake, tochi ikashuka.

"Inua kidogo, mdogo wangu," Baba akamwambia. "Fundi haoni."

Kazi ikaisha. Kiti kikaenda mbele na nyuma, bila moshi, bila harufu.

Asubuhi binti akapanda upande wa dereva. Leseni yake ilikuwa mpya.

"Sogea mbele, miguu haifiki," Baba akasema kutoka kiti cha pembeni.

Akabonyeza. Kiti kikamsogeza taratibu hadi kwenye pedeli. Kilimkaa sawasawa.

"Haya, twende," Baba akasema, akageuzia uso dirishani.