Pamba Ndani ya Filta

Waitara alikuwa dereva wa lori la kijiji, pale Ringwani. Lilikuwa lori kuukuu la dizeli. Lilibeba pamba, lilibeba mahindi, lilibeba wagonjwa na harusi. Likiwaka asubuhi, kijiji kizima kilitoka nje kulitazama.

Agustina, mke wa Waitara, hakutoka. Wakati wa kuhamia kijiji cha ujamaa, ndugu zake wote walipewa viwanja kule Kisaka. Yeye alimfuata mume. Nyumba za Ringwani zilipangwa kwa mistari, jirani kwa jirani. Lakini mtu anaweza kuwa na majirani pande zote na bado akawa mpweke. Agustina alipika ugali wa watu wawili, akala nusu, akafunika nusu. Mara nyingi nusu ile ililala.

Sababu ni lori. Lilikuwa na tabia ya kuzima njiani.

Msimu uliopita lilizima porini, likamweka Waitara huko siku tatu. Siku hizo hizo Agustina alishikwa na uchungu. Mtoto alizaliwa nyumbani, akaishi siku moja. Waitara aliporudi alikuta kaburi dogo nyuma ya nyumba. Hawakuwahi kulizungumza jambo hilo, si mume, si mke. Watu husema kunyamaza kunaponya. Uongo mtupu! Wawili hawa walinyamaza mwaka mzima, na wala hawakupona.

Sasa Agustina alikuwa na mimba ya miezi minane. Mkunga wa zahanati alimwambia waziwazi, "Mama, safari hii usijifungulie nyumbani. Nenda hospitali, Mugumu." Na gari la kumfikisha Mugumu lilikuwa moja tu.

"Nitakupeleka mimi," alisema Waitara.

"Na likizima?"

"Halizimi tena. Nimelitengeneza."

Agustina aligeukia jiko lake. "Hata mwaka jana ulisema hivyo."

Ngoja nikuambie alivyolitengeneza. Dizeli haiingii kwenye injini hivi hivi. Hupita kwanza kwenye chujio, ambalo mafundi wanaliita filta. Ndani yake mna karatasi ngumu ya kuzuia uchafu. Filta ya Waitara iliziba, na siku zile vipuri vilikuwa adimu. Basi bwana mkubwa akaitoa ile karatasi, akaitupa. Akachukua pamba ya shambani, akaishindilia mahali pake. Pamba Ringwani si shida! Madereva wenzake wakamsifu. Sifa zile ndizo zilizomponza.

Jumatatu moja alipakia mahindi kwenda Mugumu. Kwenye kilima, lori likakohoa mara mbili, likazima. Abiria waliteremka, wakachukua vikapu vyao.

"Pole, dereva," walisema. Wakaenda zao kwa miguu. Pole haisukumi lori.

Waitara alibaki peke yake juani. Hakuweza kuliacha, kwa kuwa lilikuwa mali ya kijiji. Aliwaza, kama Agustina angekuwa ndani ya lori hili leo, ingekuwaje? Hapakuwa na mtu wa kumwambia neno. Alifungua filta, akatoa pamba iliyolowa, akatia nyingine. Jioni alifika Mugumu, lori likienda kwa kujikokota.

Pale Mugumu palikuwa na fundi mmoja mzee, Maftah, aliyekuja zamani kutoka Kilwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Lori lako nimelisikia tangu sokoni. Kikohozi hicho kina muda gani?"

Fundi alifungua filta. Akavuta pamba, akavuta, akavuta tena. Kisha akacheka hadi akakaa chini.

"Lo! Kijana, hii ni filta au godoro?"

"Inachuja vizuri," Waitara alijibu kwa hasira.

"Inachuja nini? Tazama." Maftah alijaza chupa dizeli kutoka chini ya tangi, akaisimamisha juu ya meza. Wakangoja. Polepole dizeli ilipanda juu na maji yakabaki chini. Katikati palielea nyuzi nyeupe.

"Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yanakaa chini," alisema fundi. "Nyuzi hizi ni za pamba yako. Zimerudi kwenye tangi pamoja na mafuta ambayo injini haikuyatumia. Nyingine zinaingia kwenye pampu inayopeleka dizeli kwenye injini, na pampu haipendi nyuzi wala maji. Maji yanaitia kutu. Dizeli yenu mnaiweka wapi?"

"Kwenye mapipa, nje ya ghala."

"Yamesimama?"

"Yamesimama."

"Mvua ikinyesha maji yanatuama juu ya pipa, yanapenya kwenye kifuniko. Mnanyonyaje?"

"Kwa mpira, mpaka chini kabisa. Hatutaki kupoteza."

"Basi mnalinywesha lori maji kwanza!"

Waitara aliinama. Hasira ilikuwa imekwisha. Alimweleza fundi habari za mkewe, na za kaburi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwambia mtu.

Maftah aliiweka chupa kando. "Mimi mke wangu alifariki miaka sita iliyopita," alisema. "Nakula peke yangu. Wewe wako yupo, usimchezee. Nina filta nyingine hapa, ya trekta bovu, yenye kikombe cha kioo cha kukamata maji. Nitaifunga kati ya tangi na pampu. Na ile filta yako nitaitia karatasi mpya. Lakini lori ni la kijiji. Kaniletee barua ya ruhusa ya mwenyekiti."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuomba barua ni kusema kosa mbele ya watu.

Waitara alirudi Ringwani, akasema. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji, kofia mkononi. "Ndugu mwenyekiti, mlisema lori limerogwa. Halikurogwa. Mimi nilitia pamba ndani ya filta. Kosa ni langu, tangu mwaka jana."

"Mura, kijana wee!" mtu mmoja alipiga kelele. "Pamba ya kuuza, wewe unailisha injini?" Watu wakacheka. Agustina, aliyekaa nyuma na akina mama, hakucheka. Mwenyekiti Nikodemo aliandika barua pale pale.

Kesho yake Waitara alipeleka barua Mugumu, na Maftah akaanza kazi. Aliosha tangi na mabomba. Akaonyesha mshale juu ya filta. "Mshale unaonyesha dizeli inakoelekea. Ukigeuza, umeharibu. Kaza vizuri hapa. Pakilegea, hutaona tone likidondoka, ila gari litavuta upepo na kuzima."

Baada ya kufunga, alilegeza skrubu ndogo juu ya filta ya karatasi. Akamwambia Waitara apige pampu ya mkono. Povu likatoka. "Piga tena. Ngoja mpaka itoke dizeli tupu, bila povu. Haya, kaza. Upepo umetoka."

Lori likawaka mara moja.

"Sikiliza," alisema fundi. "Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, tazama kikombe cha kioo. Ukiona maji, fungua koki ya chini yatoke, kisha funga. Filta ya karatasi haifuliwi wala haijazwi pamba. Ikichoka, badilisha, kwa hiyo mwenyekiti aagize nyingine mapema. Mapipa yaingizeni ndani. Dizeli mpya itulie siku nzima, na mpira usifike chini."

Waitara alifanya yote. Asubuhi ya kwanza alitoa maji nusu kikombe. Baada ya wiki mbili, mapipa yakiwa ndani, ilikuwa matone tu. Lori halikuzima tena.

Jumamosi moja, saa nne asubuhi, Agustina alishika ukuta. "Baba, wakati umefika."

Waitara aliwasha lori, wakaondoka. Walipofika kwenye kilima alifumba macho na kushika mkono wa mumewe kwa nguvu. Lori lilipanda, likafika juu, likaendelea.

Hospitalini waume hawakuruhusiwa kuingia chumba cha uzazi. Waitara alikaa nje, mgongo ukutani, hadi jua likaelekea kuzama. Hatimaye muuguzi alitoka. "Nani Waitara? Ingia. Ni binti."

Agustina alikuwa amelala, mtoto kifuani.

"Ulikuwa wapi?" aliuliza.

"Hapo nje. Sikuondoka."

Agustina alimtazama. Machozi yakamtoka.

"Mwaka jana nilikuita," alisema. "Nilikuita siku nzima, Waitara."

Waitara alikaa kando ya kitanda, naye akalia. Agustina akamsogezea mtoto, na kwa mara ya kwanza wakaanza kuzungumza habari za yule aliyetangulia.