Kwikwi Chini ya Kiganja Chake

"Usijigeuze," daktari aliniambia. "Mrija umeshafika moyoni."

Nijigeuze niende wapi? Mapaja yamefungwa mikanda, mrija umepitia kinenani, na nimechomwa ganzi tu, macho makavu. Halafu nesi aliyeweka kiganja chini ya mbavu zangu ni yuleyule mchumba niliyemkimbia siku ya kujitambulisha kwao. Nilitamani ardhi inimeze.

"Tunagandisha sehemu inayouendesha moyo mbio," daktari akaeleza. "Jirani yake kuna mshipa wa fahamu unaoongoza pumzi. Tunaushtua kwa umeme, utapata kwikwi. Nesi, kwikwi zikilegea, ujue mshipa nao unaganda, sema acha."

"Sawa, daktari."

Kwikwi zikaanza, kila moja ikigonga kiganja chake.

"Baba alivaa koti siku nzima akikusubiri," alininong'oneza. "Ukatuma meseji, 'Nimebadili mawazo.' Basi?"

"Nilizimia njiani. Moyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Sikutaka uolewe na mgonjwa."

"Hilo lilikuwa langu kuamua. Mwaka mzima nimejiuliza nina kasoro gani."

Mlango niliuona, lakini safari hii sikuweza kukimbia.

"Jamani, mapigo yanapanda," daktari akasema. "Ya nyumbani mtayamaliza wodini."

Ghafla pumzi ikawa nzito.

"Unapumua vizuri?" mchumba akauliza.

"Niko sawa."

Kiganja chake kikanikandamiza.

"Muongo. Acha, daktari!"

"Una hakika? Bado kidogo tu tumalize."

"Zimelegea. Acha."

Daktari akaacha kugandisha, umeme akauacha uendelee. Kwikwi zikapotea kabisa, nami nikaogopa kweli. Mchumba aliniinamia, mkono ukiitafuta kwikwi.

"Pumua. Usinikimbie tena, nakuomba."

Tukasubiri. Ikaja moja, dhaifu. Ikaja nyingine, ikamgonga barabara.

"Imerudi," alisema, akageuka kujifuta macho kwa bega.

Daktari akausogeza mrija mbali kidogo na ule mshipa, akamalizia kazi.

Jioni nikiwa wodini, simu ikalia. Meseji yake.

"Unaendeleaje? Uniambie tena 'niko sawa' uone."

Nilikuwa nimeshaandika hivyohivyo. Nikafuta, nikaandika upya:

"Kinena kinauma. Kifua kinauma. Naogopa, na nimekukumbuka mno."

Jibu halikukawia.

"Haya, hapo tunaweza kuongea. Nakuja."